Kuweka Tabo kwenye Injini ya Pikapu Iliyotembea Sana: Kinachotokea Ndani ya Silinda

Pikapu ikianza kupanda mlima kwa gia ya 2 huku magari mengine yakiipita, mwenye gari hakosi mshauri wa kumwambia afunge tabo. Mmoja atasema tabo itaipa injini pumzi mpya. Mwingine ataapa kwamba injini yenye kilomita 300,000 ukiifunga tabo umeichimbia kaburi. Wote wawili huzungumza kwa uhakika mkubwa, na mwenye pikapu hubaki katikati asijue amsikilize nani.

Nadhani mabishano haya hayaishi kwa sababu yanahusu namba ya kilomita iliyo kwenye dashibodi, wakati jambo lenyewe limo ndani ya silinda. Ukielewa hewa inayoingizwa kwa nguvu inafanya nini mle ndani, utajua mwenyewe nini cha kukagua kwenye injini yako kabla ya kununua chochote.

Tuanze na maneno. Injini ya kawaida hupumua yenyewe. Pistoni ikishuka inaacha nafasi, na hewa ya nje inaingia kuijaza. Kinachoisukuma hewa hiyo ni uzito wa anga tu, ambao kwenye usawa wa bahari ni karibu PSI 14.7, kipimo kile kile cha geji ya upepo wa tairi. Ukiweka pampu mlangoni ili hewa isukumwe badala ya kuvutwa, umeiongezea injini hewa kwa nguvu. Pampu hiyo ikizungushwa na moshi wa ekzosi ndiyo tabo. Ikizungushwa na mkanda unaotoka kwenye krenkishafti, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, ni supachaja. Shinikizo linalozidi lile la kawaida mafundi huliita busti. Mtu akisema gari lake lina busti ya 6, maana yake hewa inaingia kwenye injini ikiwa na PSI 6 juu ya zile 14.7.

Wazo hili si geni. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya tabo mwaka 1905, wakati magari yenyewe yalikuwa bado machache. Alichoona ni kwamba moshi unaotoka kwenye injini bado una joto na nguvu nyingi zinazopotea bure.

Kwa nini hewa, na si mafuta

Watu wengi hudhani nguvu ya gari inatoka kwenye mafuta, kwa hiyo ukitaka nguvu zaidi unaongeza mafuta. Lakini mafuta hayaungui bila hewa, na yanahitaji hewa nyingi kuliko mtu anavyofikiri. Kilo 1 ya petroli inataka karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue vizuri. (Namba hii kufanana na ile ya shinikizo la anga ni sadfa tu, hazihusiani.) Injini ya lita 2.4 hujaza silinda zake zote mara moja katika kila mizunguko miwili. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, hata ukikubali kwamba silinda hazijai kabisa, inameza kama lita 3,000 za hewa kila dakika. Kumwaga mafuta zaidi ni kazi rahisi. Hewa ya kuyaunguza ndiyo inayokosekana.

Hapo tabo inaingia. Busti ya PSI 6 inafanya shinikizo lipande kutoka 14.7 hadi 20.7, ambalo ni ongezeko la karibu asilimia 40. Wauzaji wengi huishia hapo na kukuambia utapata nguvu zaidi kwa asilimia 40.

Shika pampu ya baiskeli baada ya kujaza tairi. Chini yake kuna moto, kwa sababu hewa ikibanwa inapata joto. Ndani ya tabo mambo ni yale yale. Hewa iliyoingia ikiwa na nyuzi 30 inaweza kutoka upande wa pili ikiwa karibu na nyuzi 80, na hewa ya moto imetanuka, kwa hiyo kipimo kile kile cha nafasi kinabeba hewa kidogo. Ukifanya hesabu, ile asilimia 40 inashuka hadi kama 20 na kitu. Ndiyo sababu kukawa na intakula, ile rejeta ya hewa inayokaa kati ya tabo na injini. Intakula nzuri inarudisha sehemu kubwa ya kilichopotea, na jambo ninaloliona kubwa zaidi ni kwamba inaipelekea injini hewa iliyopoa. Kwenye injini iliyotembea sana, mimi nisingefunga tabo bila intakula hata kwa busti ndogo.

Joto linaenda wapi

Pistoni za pikapu nyingi ni za aluminiamu. Aluminiamu safi inayeyuka kwenye nyuzi 660 hivi. Gesi inayoungua juu ya pistoni hupita nyuzi 2,000. Sasa jiulize kwa nini pistoni haiyeyuki siku ya kwanza.

Haiyeyuki kwa sababu joto halipati muda wa kukaa. Moto unawaka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, kisha hewa mpya ya baridi inaingia, na joto lililobaki linakimbia kutoka kichwa cha pistoni kwenda kwenye ringi, zile pete zinazoizunguka pistoni, kutoka kwenye ringi kwenda kwenye ukuta wa silinda, na kutoka ukutani kwenda kwenye maji ya rejeta. Sehemu nyingine inabebwa na oili inayorukia chini ya pistoni. Ringi tunazijua kama kizuizi cha kompresheni na oili. Wengi hawajui kwamba ni daraja pia, na joto jingi la pistoni linavukia hapo.

Ringi za injini iliyotembea sana huwa zimelika, na nyingine zimegandiana na masizi ndani ya mifereji yake. Hazigusi tena ukuta wa silinda mzunguko mzima. Daraja limebomoka nusu. Kwa mwendo wa kawaida injini haioneshi shida kubwa, kwa sababu joto la kuvusha si jingi. Ukiongeza busti na mafuta, joto linaongezeka kila dakika huku njia ya kutokea ni ile ile mbovu. Pistoni iliyokufa hivyo, ukiishika mkononi, utaona ukingo wa juu umemeng'enyeka upande mmoja kama mshumaa ulioachwa juani, na ringi ya juu imenaswa ndani ya chuma kilichoyeyuka. Ukuta wa kati ya ringi ya kwanza na ya pili mara nyingi umekatika vipande.

Hiyo ndiyo maana halisi ya kusema injini imezeeka kwa tabo. Kilomita zinakupa tetesi tu. Nazijua injini zenye kilomita 300,000 za barabara kuu, zilizobadilishwa oili kwa wakati, ambazo ringi zake ni nzima kuliko za gari lenye kilomita 120,000 za safari fupi, kuwashwa na kuzimwa, na oili nyeusi kama lami.

Neno "kunoki" lina maana mbili

Gereji zetu hutumia neno kunoki kwa beringi za konrodi zilizokwisha. Injini inagonga kutoka chini, na watu husema imenoki. Lakini kuna kunoki kwingine kunakotokea juu, kwenye chumba cha moto, na ndiko kunakohusu tabo kwenye injini ya petroli.

Kwa kawaida plagi inawasha moto upande mmoja na moto unatambaa taratibu hadi upande wa pili. Joto na shinikizo vikizidi, mchanganyiko uliobaki pembeni hausubiri moto uufikie. Unalipuka wenyewe kwa mara moja. Kwenye kiti cha dereva unasikika kama kokoto ndani ya kopo, hasa ukikanyaga mafuta kwenye mlima ukiwa gia kubwa. Kila mlio ni nyundo juu ya pistoni, na nyundo hizo zinachubua ile tabaka nyembamba ya gesi inayolinda chuma na moto. Kwa busti ya kutosha, dakika chache zinatosha kupasua pistoni.

Injini iliyotembea sana iko karibu na hatari hii kwa njia mbili ambazo watu hawazisemi. Masizi yaliyojenga juu ya pistoni na kwenye silinda hedi yanapunguza nafasi, kwa hiyo mgandamizo umepanda kuliko ulivyotoka kiwandani, na baadhi ya masizi hubaki mekundu kama kaa la moto. Pili, oili inayopita kwenye ringi na sili za valvu inachanganyika na petroli na kushusha oktani yake, yaani uwezo wake wa kubanwa bila kulipuka wenyewe. Unaweza kununua petroli nzuri na injini ikaiharibu yenyewe kabla ya kuiunguza.

Kuna jambo la tatu kwenye gari lenye kompyuta. Sensa ya shinikizo ya injini isiyo na tabo mara nyingi imetengenezwa kusoma hadi shinikizo la anga tu, basi. Ukiweka busti, sensa inafika mwisho wa kipimo chake na kompyuta inaendelea kudhani hewa ni ya kawaida. Inamwaga mafuta ya kawaida kwenye hewa iliyozidi. Mchanganyiko unakuwa mkavu, joto linapanda, milio ya kokoto inaanza. Kwa hiyo sensa na programu ya kompyuta ni sehemu ya kazi ya tabo tangu mwanzo, na anayekufungia tabo ya petroli bila kuvigusa hajamaliza kazi.

Dizeli ni hadithi nyingine

Dizeli haina plagi ya kuwasha wala haiogopi kunoki kwa namna ile. Hewa inaingia peke yake, inabanwa hadi iwe ya moto, kisha mafuta yanapulizwa na nozeli na kuungua jinsi yanavyoingia. Kwa hiyo tabo kwenye dizeli bila kuongeza mafuta huleta jambo ambalo wengi hawalitarajii. Hewa ya ziada inapooza mwako. Moshi mweusi unapungua, joto la ekzosi linashuka, na nguvu zinaongezeka kidogo tu.

Mwenye gari huendesha siku mbili, haoni tofauti kubwa, anarudi kwa fundi na kumwambia afungulie pampu ya nozeli ili imwage mafuta zaidi. Hapo ndipo injini nyingi za dizeli zinapokufa, na lawama inaiangukia tabo. Mafuta yakizidi hewa, joto la ekzosi linapaa, na dizeli haina mlio wa kokoto wa kukuonya. Kitu pekee kitakachokuambia ni geji ya joto la ekzosi iliyofungwa kabla ya tabo. Wengi wanaofanya kazi hii huchukua nyuzi 700 hivi kuwa mpaka wa kutokaa juu yake kwa muda mrefu. Bila geji hiyo, kufungulia pampu ni kubahatisha.

Mfano mzuri ni injini mbili za Toyota za lita 4.2. Ya 1HZ, inayojulikana kwenye pikapu za Land Cruiser, haina tabo, na mgandamizo wake ni 22.4 kwa 1, yaani hewa inabanwa hadi nafasi ndogo mara 22.4. Mafuta yake hupulizwa kwanza kwenye chumba kidogo cha pembeni kilicho ndani ya silinda hedi. Nduguye 1HD-T, mwenye ukubwa ule ule, alitoka kiwandani na tabo, na kiwanda kilishusha mgandamizo hadi 18.6 kwa 1 na kupuliza mafuta moja kwa moja juu ya pistoni. Zote ni za silinda 6, na ukiziona kwa nje utasema ni mapacha. Waliozitengeneza hawakuchukua 1HZ wakaifunga tabo. Walibadilisha mambo ya ndani kwanza. Kwa jumla injini zinazotoka kiwandani na tabo huwa na pistoni imara zaidi, vinyunyizio vya oili chini ya pistoni, valvu za ekzosi za chuma kinachovumilia joto, na mfumo mkubwa zaidi wa kupooza oili. Unapoongeza tabo baadaye, hivyo vyote huna, na ndiyo sababu busti yako lazima iwe ndogo.

Kupima kabla ya kununua

Kipimo cha kwanza hakihitaji kifaa chochote. Injini ikiwa ya moto na inasilensa, yaani inawaka bila kukanyagwa mafuta, fungua mfuniko wa kujazia oili, ugeuze, uuweke juu ya tundu bila kuukaza. Ukitulia au kutikisika kidogo, sawa. Ukiruka na moshi ukafuata kwa mapigo kama ya moyo, gesi ya mwako inapita kwenye ringi na kuingia kwenye sampu, karai la oili lililo chini ya injini. Huo ni mwako wa injini isiyo na busti. Ukiongeza busti itapita mara nyingi zaidi, itapandisha shinikizo ndani ya sampu, na oili itatafuta pa kutokea, kwenye sili za krenkishafti na kwenye kijiti cha kupimia.

Kipimo cha pili ni kompresheni. Injini ya moto, betri imejaa, plagi zote nje, mafuta na umeme wa plagi vimekatwa, pedali imekanyagwa hadi chini. Fundi anafunga geji kwenye tundu la silinda ya kwanza na unapiga stata hadi sindano isipande tena. Tuseme injini ya petroli imetoa PSI 170, 165, 120 na 168. Namba tatu zinakubaliana na moja imeanguka. Mimina kijiko kimoja cha oili kwenye silinda ile na upime tena. Ikipanda hadi 155, oili imeziba palipokuwa panavuja, yaani tatizo ni ringi. Isipopanda, angalia valvu au gasketi ya silinda hedi. Kwa dizeli namba ni kubwa zaidi, inahitaji geji yake, na hii ya kumimina oili usiifanye.

Injini yenye 120 kwenye silinda moja mimi siifungi tabo, hata kama inawaka vizuri na dereva wake anaisifu. Nguvu inayotafutwa imepotea pale pale. Ringi mpya zitarudisha nguvu nyingi kuliko mwenye gari anavyokumbuka, na huenda asihitaji tabo tena. Vivyo hivyo kichujio cha hewa kilichoziba, nozeli zinazotiririsha badala ya kupuliza, ekzosi iliyojaa masizi, au matairi makubwa kuliko ya kiwandani. Nimeona pikapu ikilaumiwa kuwa imechoka, kumbe kichujio cha dizeli kilikuwa hakijaguswa kwa muda mrefu.

Shinikizo la oili nalo lipimwe, injini ikiwa ya moto na inasilensa. Shafti ya tabo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na haigusani na beringi zake. Inaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Beringi za injini zikiwa zimelika, oili inakimbilia kwenye mianya yake na kufika kwenye tabo ikiwa haina nguvu. Tabo mpya kabisa itakufa haraka kwenye injini kama hiyo, na muuzaji atalaumiwa bure.

Rejeta, klachi na giaboksi sitavizungumza sana. Rejeta iliyoziba nusu haitoshi hata kwa injini ya kawaida, na klachi iliyochoka itaanza kuteleza wiki ya kwanza.

Mambo yanayosemwa sana

Kwamba tabo inapunguza ulaji wa mafuta. Injini ndogo yenye tabo inaweza kula kidogo kuliko injini kubwa yenye nguvu zile zile, hilo ni kweli. Lakini ukiongeza tabo kwenye injini ile ile kisha ukatumia nguvu zake, nguvu hizo zimetoka kwenye mafuta.

Kwamba supachaja ni salama zaidi kwa injini iliyotembea. Inajibu mara moja na haina joto la ekzosi pembeni yake, ila mkanda wake unakula nguvu ya krenkishafti, na hewa yake inabanwa na kupata moto vile vile. Pistoni haijui hewa imesukumwa na nini.

Kwamba kuna tabo ya umeme, ile feni ndogo inayochomekwa kwenye bomba la hewa na kuunganishwa na betri. Kuipa injini ya lita 2.4 busti ya PSI 6 kwa mizunguko 3,000 kunahitaji karibu kilowati 3. Kwa betri ya volti 12 hizo ni ampea 250, mkondo wa kulinganishwa na ule wa stata, na unauhitaji muda wote unaokanyaga mafuta. Feni yenye nyaya nyembamba haiwezi, na mara nyingi inaziba njia ya hewa.

Dai moja lina ukweli mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Ni lile kwamba tabo inafaa zaidi milimani. Shinikizo la hewa linashuka kwa zaidi ya asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na injini isiyo na tabo inapoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Kwa pikapu inayofanya kazi kwenye mita 2,000, busti ndogo inarudisha tu hewa ambayo injini ilitengenezwa kuipata. Mzigo juu ya pistoni hauzidi sana ule wa usawa wa bahari. Hapo mimi hukubali tabo kwa moyo mweupe, injini ikiwa imepita vipimo.

Na ikipita, basi busti iwe PSI 5 au 6, lango la kupunguza busti likaguliwe kwa geji wala isiaminiwe namba ya kwenye boksi, na mfumo wa kupumulia sampu uwekewe valvu ya njia moja ili busti isirudi chini. Bomba la kurudisha oili kutoka kwenye tabo liwe nene, literemke bila kupinda juu, na liingie kwenye sampu juu ya usawa wa oili. Oili hiyo haisukumwi na pampu tena, inashuka kwa uzito wake. Likiwekwa vibaya, oili inajaa ndani ya tabo na kuvuka sili, moshi wa bluu unatoka nyuma, na mwenye gari anaambiwa tabo imekufa. Kabla hajaishusha, alegeze bomba hilo na aangalie linavyotiririka injini ikisilensa.